Jerry Rice hakuzaliwa anadaka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za karatasi nikiwa Morogoro, na tangu 2000 nalisoma mtandaoni huku Oakland, California. Sijawahi kuwaandikia, hata siku mliyotangaza msiba wa mtu aliyekuwa dukani ananunua mchele. Safari hii mmenigusa pabaya. Nasema ile makala ya ukurasa wa michezo kuhusu Jerry Rice, mliyoiita "Mfalme wa Mabao Marekani".

Tuanze na hayo mabao. Rice hakucheza soka. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na kazi yake ilikuwa mpokeaji wa pembeni: anachomoka mbio, anampoteza beki, anageuka na kuudaka mpira aliorushiwa. Akiufikisha eneo la mwisho ni tachidauni, na tachidauni moja ni pointi sita. Alipata 208 katika misimu 20. Halafu mkaandika kwamba alidaka mipira ya "mita 22,895". Ni yadi, jamani. Kwa kutopiga hesabu mmemwongezea karibu kilomita mbili mtu asiyehitaji msaada wenu, maana anayemfuata, Larry Fitzgerald, yuko nyuma yake kwa yadi 5,403.

Hayo ningeyameza na chai. Lililonikaba ni ile sentensi ya mwisho, kwamba siri ya Rice "ni kipaji cha kuzaliwa".

Nina mtoto wa mdogo wangu, kipa wa timu ya mtaani kwetu. Mipira ya juu inamponyoka kama sabuni. Nilimpigia nikamweleza habari za Rice, nikamwambia kila jioni amtafute mwenzake amrushie mipira mia moja kabla ya kwenda kuoga. Akaitikia, sawa baba mkubwa. Siku ya nne makala yenu ikatoka. Akanitumia picha yake kwa WhatsApp, ile sentensi kaizungushia duara jekundu, chini kaandika: "Baba mkubwa, kumbe mwenzetu alizaliwa nacho." Mipira mia ikaishia hapo.

Kipaji! Baba yake Rice alikuwa fundi mwashi huko Crawford, Mississippi, na wanawe ndio waliokuwa saidia fundi. Kaka zake walisimama chini wakirusha matofali, yeye yuko juu ya jukwaa anayadaka, wakati mwingine manne kwa mpigo, kila moja likija na njia yake. Mwandishi wenu amewahi kudaka tofali? Mimi nimedaka miaka mitatu, mjomba alipokuwa anajenga Kihonda. Tofali la kuchoma hulipokei kwa mikono iliyokakamaa, litaondoka na ngozi na kucha. Unalifuata kwa macho tangu linapotoka mkononi mwa mwenzako, unalisubiri lipande mpaka pale linaposita hewani kabla ya kuanza kushuka, hapo unalichukua, na mikono inarudi nalo nyuma kidogo kama unapokea mtoto mchanga. Nilipofika huku nikamwona Rice kwenye runinga akiuchukua mpira namna hiyo hiyo, sikuhitaji mtangazaji. Nikasema, huyu ni saidia fundi. Na hata hivyo hakufika akiwa ameiva. Mwaka 1985, timu zilipogawana wachezaji wapya wa vyuo kwa zamu, 49ers ya San Francisco ilimchagua akiwa wa 16, wapokeaji wawili, Al Toon na Eddie Brown, wameshachukuliwa kabla yake, kwa kuwa wasaka vipaji (ndilo jina lao, mcheke wenyewe) waliona hana mbio za kutisha na katoka chuo kidogo, Mississippi Valley State. Msimu wa kwanza mipira ikamdondoka, mashabiki wake mwenyewe pale uwanja wa nyumbani, Candlestick, wakamzomea. Januari 1987, mechi ya mtoano na timu ya New York Giants, kashawaacha mabeki wote, hakuna aliyemgusa, mpira ukamtoka mkononi. Wakafungwa 49 kwa 3. Msimu uliofuata akadaka tachidauni 22 katika mechi 12 tu. Hapo katikati ni kazi. Alikuwa anakimbia kupandisha kilima kule San Carlos, njia ya kama kilomita nne, na mazoezini kila mpira aliodaka alikwenda nao mbio mpaka mstari wa mwisho wakati wenzake wanarudi wakitembea. Kilima hicho nimekipanda mwenyewe. Nilikaa chini mara tano, na mara ya tano mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama aniitie ambulensi.

Mkaandika pia kwamba alicheza San Francisco maisha yake yote. Sisi wa Oakland tumesikia! Mwaka 2001 alivuka daraja akaja kwetu, timu ya Raiders, na msimu wa 2002, aliotimiza miaka 40, alidaka mara 92 kwa yadi 1,211. Umri huo mimi nilikuwa natafuta miwani iliyo usoni.

Na kwa kuwa nimeshakaa chini kuandika, nimalize na hili. Nusu ya ukurasa huohuo ilikuwa odds za mikeka. Juu mnamwambia kijana ustadi ni wa kuzaliwa nao, chini mnamwambia pesa ni ya kubahatisha. Mnataka afanye nini kati ya asubuhi na jioni? Hela ya glavu niliyomtumia yule kipa wangu imeingia kwenye mkeka wa timu nane. Ukachanwa na timu moja, na hadi leo ananieleza ni kipa gani aliyekosea, kana kwamba mimi ndiye nilikuwa golini.

Masahihisho siyataki, najua mtayabana chini ya matangazo ya viwanja. Ninachoomba ni kidogo. Mtafuteni fundi yeyote anayepandisha kozi za ghorofa ya pili, mumpandishe mwandishi wenu juu ya jukwaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne ya chai, na chini asimame kijana mwenye haraka amrushie matofali mawili mawili. Akishuka, apewe kalamu aandike neno "kipaji", kama vidole vitaishika. Nauli ya daladala na chapati mbili nitalipa mimi. Glavu asipewe.

Saidia fundi mstaafu,
Oakland, California