Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023: Tuliyoyasoma na Yaliyorudiwa

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kila mwisho wa mwaka chama kimesoma nini na kimetenda nini. Habari za sayansi mwaka huu zilizidi vikao tulivyokuwa navyo, hivyo kamati ilichuja kwa kigezo kimoja: tusome matokeo ambayo watu wengine, mahali pengine, wamejaribu kuyarudia. Yaliyosimama yanatufundisha njia. Yaliyoanguka yametufundisha zaidi, na ndiyo yaliyokula muda wetu mwingi.

Jiwe la Seoul

Tarehe 22 Julai watafiti wa Korea Kusini waliweka kwenye arXiv, hifadhi ya maandiko ya kisayansi mtandaoni, maandiko mawili, yote yakiwa hayajapitiwa na wahakiki. Walidai kwamba kitu walichokiita LK-99 hupitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida, na kwamba hali hiyo hudumu hadi nyuzi 127 za Selsiasi. Herufi L na K ni za Lee na Kim, na 99 ni mwaka 1999. Vipitishi vya aina hiyo tunavyovijua huhitaji kupozwa kwa naitrojeni kimiminika au heliamu, au kubanwa kwa kanieneo kubwa mno. Ndiyo maana maabara nyingi ziliwasha tanuri wiki hiyohiyo.

Mapishi yenyewe yalikuwa mepesi. Kwanza, oksidi ya risasi na salfeti ya risasi huchanganywa na kuchomwa kwa nyuzi 725 kwa saa 24, zipate kuwa lanakaiti, Pb2SO5. Pembeni, unga wa shaba na fosforasi hufungiwa ndani ya tyubu isiyo na hewa na kuchomwa kwa nyuzi 550 kwa saa 48, upatikane fosfidi ya shaba, Cu3P. Kisha viwili hivyo husagwa pamoja, hufungiwa tena bila hewa, na kuchomwa kwa nyuzi 925 kwa saa 5 hadi 20. Kinachotoka ni donge la kijivu lenye weusi. (Walimu wa kemia, nasisitiza: risasi ni sumu na mvuke wa fosforasi hauna mzaha. Jaribio hili si la maabara ya shule, hata kama video zake mtandaoni zinavutia.)

Kasoro ilikuwa ndani ya mapishi yenyewe, na yeyote anayejua kusawazisha mlinganyo angeweza kuiona:

5Pb2SO5 + 6Cu3P → Pb9Cu(PO4)6O + 5Cu2S + Pb + 7Cu

Ukitaka kipande kimoja cha LK-99, lazima upate pia masalia ya atomi 17 za shaba na 5 za salfa. Prashant Jain, mkemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa miongoni mwa walioliona hilo mapema. Katika kikao cha Septemba tulipiga hesabu ya uzito: salfidi ya shaba, Cu2S, ni takriban asilimia 20 ya kila kinachotoka tanurini, hata mpishi akiwa makini namna gani. Na Cu2S ina tabia yake. Karibu na nyuzi 104 hubadili mpangilio wa fuwele zake, na ukinzani wake hushuka ghafla. Mporomoko uliochorwa kwenye grafu ya Seoul ulikuwa hapohapo. Watafiti wa Taasisi ya Fizikia ya Beijing walipima LK-99 iliyochanganyika na Cu2S wakaupata mporomoko uleule, tena wakaona kwamba joto la badiliko hutofautiana unapopasha na unapopoza. Kipitishi cha kweli kisicho na ukinzani hakipishani namna hiyo kikiwa hakina sumaku jirani. Lililobaki ni kutengeneza LK-99 isiyo na salfidi, na Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart ikafanya hivyo: fuwele zilizotoka zilikuwa za zambarau, zenye kupenyeka mwanga, na ukinzani wake ni mamilioni ya ohmu. Kihami, kwa neno moja.

Mtauliza, na kile kipande cha LK-99 ambacho watafiti walikionyesha kwenye video kikielea juu ya sumaku? Kilielea nusu, upande mmoja ulikuwa bado umegusa chini. Kipande chochote chenye chembe chache za sumaku kinaweza kusimama hivyo. Kutofautisha ni rahisi: kigeuze chini juu. Grafiti bapa, unene wake usiofika milimita moja, huelea bila kujali upande ikiwekwa juu ya sumaku nne za neodimiamu zilizopangwa kama ubao wa drafti, ncha ya kaskazini ikipakana na ya kusini. Kipande chenye ncha zake chenyewe kitakwama au kuvutwa mara ukikigeuza. Onyesho hili tulilifanya mara mbili. Angalizo kwa watakaolirudia: sumaku za neodimiamu ni ngumu lakini zinavunjika kama kigae. Zitelezeshe kwa ubavu juu ya ubao, usiziachie zirukiane, na vaeni miwani.

Maoni yangu, nayo si lazima yawe ya kamati: watu wa Seoul hawakutenda dhambi kwa kukosea. Waliandika mapishi kwa ukamilifu kiasi kwamba wengine waliweza kuwapinga kwa chini ya mwezi mmoja. Yapo madai yanayoishi miaka kwa sababu tu mwenyewe hasemi alipima vipi.

Kigae kisichojirudia

Machi 2023 David Smith, fundi wa uchapishaji aliyestaafu huko Uingereza, pamoja na Joseph Myers, Craig Kaplan na Chaim Goodman-Strauss, walitangaza umbo moja linalofunika sakafu yote bila pengo, lakini kwa mpangilio ambao kamwe haujirudii kwa kusogezwa. Swali hilo lilikuwa limewasumbua wanahisabati kwa zaidi ya nusu karne. Umbo lina pande 13 na limepewa jina la kofia.

Kulichora hakuhitaji mashine. Chora mtandao wa pembesita sawa, kila upande sentimita 4. Katika kila pembesita, unganisha kitovu na katikati ya kila upande. Utapata tiara sita, yaani maumbo ya pande nne, zenye pande za sentimita 2 na 3.46. Kofia ni tiara nane za mtandao huo zilizoshikana, na namna zinavyoshikana inakiliwe kwenye mchoro wa waandishi, si kwa kukisia. Eneo lake ni sentimita za mraba 55 na ushei, hivyo karatasi ya A4 haiwezi kutoa zaidi ya kofia 11 hata kwa hesabu ya eneo tupu. Kwa mkasi, zipungue.

Makosa yaliyojitokeza kwenye warsha ni mawili. La kwanza ni kukata kila kofia kwa kufuata kofia iliyotangulia. Kosa la nusu milimita hurithiwa na kukua, na ukifika kigae cha ishirini nafasi zimeshakataa kuingia. Tengeneza kiolezo kimoja cha plastiki ngumu, ukate vyote kwa hicho. La pili ni kusahau kwamba baadhi ya kofia lazima zigeuzwe kama taswira ya kioo: moja kwa kila karibu saba za kawaida. Kwa seti ya vigae 55, kata 48 upande mmoja na 7 upande wa pili, na utumie manila yenye rangi tofauti mbele na nyuma. Mei mwaka huohuo watu walewale walileta umbo la pili, lenye kingo za kupinda, ambalo halihitaji kugeuzwa kabisa. Hilo hatujalikata bado.

Namba yenye tarakimu 42

Mwanahisabati Richard Dedekind aliuliza mwaka 1897: kwa maswali kadhaa ya ndiyo na hapana, kuna kanuni ngapi za uamuzi ambazo kuongeza ndiyo hakuwezi kugeuza jibu kuwa hapana? Kwa maswali mawili, A na B, kanuni ni sita: daima hapana, A na B kwa pamoja, A, B, A au B, daima ndiyo. Kwa matatu ni 20, kwa manne 168. Baada ya hapo namba hulipuka. Ya nane ilipatikana 1991. Ya tisa ilisubiri hadi mwaka huu, na ikapatikana mara mbili ndani ya siku chache: Christian Jäkel kwa njia yake, na Lennart Van Hirtum na wenzake kwa njia nyingine, wakitumia kompyuta kuu ya Paderborn, Ujerumani, na chipu za FPGA ambazo saketi zake hupangwa upya kwa kazi moja. Hesabu yao iliendeshwa kwa miezi takriban mitano. Katika hesabu ndefu hivyo, chembe moja ya mionzi ya angani inaweza kugeuza biti moja na kuharibu jibu zima bila dalili yoyote. Njia mbili tofauti zilipotoa tarakimu zilezile 42, shaka hiyo ikaisha.

Leza za California

Kwa ufupi, maana tulilijadili kikao kimoja tu. Agosti 2021 NIF, kituo cha California kinachotumia leza kuunganisha viini vya atomi, kilipata takriban megajuli 1.3 kwa kuunganisha viini vya deuteriamu na tritiamu, aina mbili za haidrojeni, kisha majaribio ya kurudia yakashindwa kufika hapo. Kasoro ndogo kwenye kidonge cha mafuta zilitosha kuvuruga mbano. Kwa kidonge kinene zaidi na nguvu zaidi ya leza, tarehe 5 Desemba 2022 megajuli 2.05 za leza zilizaa 3.15, na tarehe 30 Julai mwaka huu zikazaa 3.88. Wanaosema umeme wa bure umefika wakumbushwe kwamba leza hizo 192 huvuta megajuli kama 300 kutoka gridi kwa kila mfyatuo.

Chanjo ya R21

Tarehe 2 Oktoba Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya pili ya malaria. Jaribio lake kubwa lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo, kwa watoto wa miezi 5 hadi 36. Dozi ina mikrogramu 5 za protini na mikrogramu 50 za kichochezi cha kinga. Hutolewa mara tatu kwa kupishana wiki nne, na ya nne mwaka mmoja baadaye. Kundi la kulinganisha lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Magazeti yaliandika asilimia 75 peke yake. Hiyo ni ya vituo ambako malaria ni ya msimu na dozi zilitolewa kabla ya mvua. Bagamoyo na Kilifi ziko kwenye kundi lililochanjwa kwa umri mwaka mzima, na huko ilikuwa asilimia 68 kwa miezi 12. Asilimia 68 haina maana kwamba watoto 68 kati ya 100 hawataugua. Maana yake ni kwamba kasi ya kuugua kwa mara ya kwanza ilipungua kwa kiasi hicho ikilinganishwa na wasiochanjwa R21. Chandarua kinabaki palepale.

Mwaka ujao

Kikao cha Januari ni cha vitendo: kupima ukinzani mdogo kwa nyaya nne, jambo ambalo lingewaepusha wengi na kelele za Julai. Mita moja ya waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5 ina ukinzani wa ohmu 0.087 tu, ilhali nyaya za multimita peke yake huonyesha 0.2 hadi 0.5. Tutapitisha ampea 0.5 kwenye ncha za nje, kutoka betri ya volti 6 na kizuizi cha ohmu 12, wati 5, na kusoma volti kwenye ncha za ndani. Zitarajiwe milivolti 43 hivi. Betri ikichoka mkondo utashuka, kwa hiyo somo la ampea lichukuliwe kila mara pamoja na la volti. Wenye multimita yenye safu ya milivolti 200 waje nayo. Mkondo upimwe kwa tundu la ampea 10, si lile la miliampea 200, la sivyo fyuzi itaungua na chama hakina za akiba.