Pai ya Japani kwenye jiko la mkaa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi umetuletea pai ya matunda yenye ladha za majira ya kuchipua ya Japani. Umbo lake nimelipenda: unga unasukumwa kama chapati, matunda yanakaa katikati, kingo zinakunjwa juu yake kwa mkono, basi. Lakini maua ya sakura (mcheri wa Japani) ya chumvi nitayatoa wapi? Naoka vya kuuza hapa Ng'ambo, Tabora, na sokoni sijayaona.

Wajapani huyahifadhi maua hayo kwa chumvi na siki ya ume, tunda chachu la kwao, kwa hiyo kwenye pai yanaleta harufu na uchumvi kidogo ndani ya utamu. Mtoto yeyote aliyekula embe kwa chumvi na pilipili anaielewa raha hiyo. Mimi hutia embe dodo lililoanza tu kuiva, asali ya miombo (kijiko kimoja, isije ikameza kila kitu), chumvi ya kunyunyiza, na ganda la limau lililokwaruzwa badala ya yuzu, aina ya limau la Japani. Pale ukurasa unapotaka rojo tamu la azuki, maharage madogo mekundu, naweka choroko zilizopondwa na sukari.

Ukurasa haukugusa joto. Siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni, tabaka hazitokei. Oktoba yetu mnaijua, kwa hiyo nasukuma unga alfajiri kwa maji ya friji, kisha naoka kwenye sufuria, mkaa mwingi juu, kiasi chini.

Mkichapisha tena, wekeni na maelekezo ya mkaa. Oveni si wote tunazo.

Mama Muoka Mikate,
Ng'ambo, Tabora