Shukrani kwa mwalimu wa hisabati aliyenipokea Changsha

Nimemaliza wiki yangu ya kwanza ya kufundisha Kiingereza hapa Changsha, China, na sitalala kabla sijamshukuru mwalimu wa hisabati ambaye meza yake inapakana na yangu. Jina silitaji, mwenyewe hapendi.

Nilifika Jumapili usiku. Sheria ya China inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, nami sikuwa na wa kunipeleka. Dada huyu, ambaye hakutumwa na mtu, alinifuata saa moja asubuhi, akaniambia nichukue pasipoti na mkataba wa nyumba, tukaenda kituoni kabla ya kipindi chake cha kwanza. Jioni alikaa nami mpaka kadi yangu ya benki ikakubali kuunganishwa na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, maana huku hata mboga sokoni watu hulipia kwa simu.

Lakini kubwa lilikuwa darasani. Wanafunzi 50, nauliza swali, kimya. Nilidhani wamenikataa. Akaja akaketi nyuma kipindi kizima, kisha akanieleza: wanaogopa kukosea mbele ya wenzao, waache kwanza wazungumze wawiliwawili. Usiku akanichorea mpangilio wa madawati, kila jina kwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, pamoja na alama za toni. Alhamisi nilimwita binti wa dirishani kwa jina lake. Akasimama, akajibu.

Dada, asante sana. Nanyi mliopata mgeni kazini, mfuateni asubuhi ile ya kwanza, msingoje aombe.