Barua kwa beshte yangu anayetaka kiti cha MCA

Beshte yangu,

Habari ya huko, mama anaendeleaje na mguu? Meseji yako niliisoma nikiwa kwa matatu nikaona haitoshi kujibu kwa simu. Kwamba umeamua 2027 unasimama kiti cha MCA, mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, na yule mzee akakuambia mbele ya watu eti kiti si mali ya urithi. Imeniuma sana kwa sababu wewe hujawahi kusema ni cha marehemu babako aliyekuwa diwani, ni wao wamekusemea.

Kama ni urithi tuongee urithi basi. Musalia Mudavadi aliingia bunge 1989 kwa kiti cha Sabatia, babake alipofariki, bila kupingwa. Gideon Moi 2002 akachukua Baringo Central ya mzee wake, Rais Moi, bila kupingwa pia. Wewe hata hujachukua fomu na tayari unawekwa kikao.

Sasa angalia Susan Kihika wa hapa kwetu Nakuru. Babake, Kihika Kimani, si unamjua kwa hadithi za wazee, yule wa Ngwataniro, ile kampuni ya kununua mashamba, yule alikuwa kwa lile kundi la 1976 lililotaka katiba ibadilishwe ili Moi asimrithi Kenyatta. Jina kama hilo hapa Nakuru si mchezo. Lakini msichana alisomea sheria Marekani, akafanya kazi ya kuendesha mashtaka huko Dallas, kisha akarudi nyumbani. 2013 akawa spika wa bunge la kaunti, na spika hachaguliwi na sisi, wanapiga kura ni MCA, kwa hivyo ilibidi awatafute hao watu mmoja mmoja. 2017 akawa seneta, yeye na Margaret Kamar na Fatuma Dullo ndio wanawake wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi. 2020 wakamvua ukiranja wa walio wengi huko Seneti, na bado 2022 akambwaga Lee Kinyanjui, aliyekuwa gavana kitini, akachukua ugavana wa Nakuru.

Sisemi kila kitu kiko sawa, kelele za hapa unazisikia na mimi pia nina malalamiko yangu. Lakini siku hizi akisifiwa ni yeye, akitukanwa ni yeye, mzee hatajwi. Hapo ndio nataka ufike.

Kwa ile matanga MC alikupa maiki akakuita "msichana wa diwani", hata jina hakutaja, na ni wewe umewajazia watu fomu za basari tangu mzee aende, umekaa kwa kile kibenchi cha duka la mama, unashika kitambulisho cha mzazi unasoma namba mara mbili ndio mtoto asikose karo kwa sababu ya tarakimu moja. Hiyo si kazi ya babako. Wakimtaja shukuru, usimkane, kile kisima alipigania kweli, halafu waambie ya kwako.

Na wakikuambia utulie utawekwa kwa listi ya kuteuliwa, kataa kabisa, zunguka wodi utafute kura.

Jumamosi nikitoka soko nakuja, toa lile daftari la basari tuchague wazazi wa kuanza nao. Msalimie mama.

Wako