Rehema, kuhusu ile rasimu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumaini nawe na wote hapo hamjambo. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Hayo tutayazungumza siku nyingine, maana leo nina jambo limenikaa kooni tangu Juma aliponitumia rasimu ya makala yenu ya utafiti wa mto.

Nimeisoma yote, hadi majedwali. Kazi ni nzuri, na ile sehemu ya kina cha maji wakati wa kiangazi imeandikwa vizuri sana kwa watu waliokuwa wakibishana kila jioni! Lakini nilipofika kwenye mbinu za utafiti nikakuta kwamba kifaa cha pili cha kupimia maji "kilihamishwa kwa sababu za kiufundi". Rehema, wewe ulikuwepo. Sababu ya kiufundi ni Bibi, yule mzee mwenyeji wa pale mtoni. Alisimama ukingoni akawatazama mkichimbia ile nguzo, akasema hapo mto ukijaa maji hugeuka yakarudi nyuma, tope litakizika kifaa chenu. Akachota mchanga wa pale akausugua kiganjani tuuone, laini kama unga. Kisha akatupandisha hadi kwenye kona ya mawe, akanyanyua jiwe moja na kutuonyesha upande wake wa chini: safi, halina tope, na vijidudu vimeling'ang'ania. Akasema hapo ndipo maji hayalali. Ramani ikashinda, kifaa kikabaki kilipopangwa, na mvua za kwanza zikakifukia kama alivyosema. Ndipo kikahamishiwa alikotuonyesha. Mchoro wenu wa tatu, huo mnaojivunia, wote umetoka kwenye kona ya mawe.

Na yeye yuko wapi? Mwisho kabisa, kwenye shukrani, ndani ya "wenyeji wa eneo hilo", baada ya waliotuazima mahema.

Nimemwambia Juma. Akanijibu kuwa mwandishi sharti aweze kuitetea makala nzima, na Bibi hasomi Kiingereza. Hilo silikubali hata kidogo. Yule wenu wa hesabu za kompyuta ni mwandishi wa nne, na mto wenyewe hajawahi kuukanyaga. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza kutetea mahali kifaa kilipowekwa. Kila mtu anatetea kipande chake, na cha Bibi ndicho kilichobeba vingine. Asomewe rasimu kwa lugha yake, sentensi kwa sentensi, aseme palipokosewa. Hapo atakuwa ameipitia kwa makini kuliko baadhi ya walioorodheshwa.

Wala si jambo geni. Mwaka 1999 jarida la Pachyderm lilichapisha makala kuhusu kufuatilia faru, na miongoni mwa waandishi, pamoja na Louis Liebenberg, walikuwemo Karel Benadie na James Minye, wasoma nyayo wa Karoo, Afrika Kusini. Hao wasoma nyayo wawili hawakujua kusoma wala kuandika. Walirekodi walichokiona kwa kompyuta ndogo ya mkononi iliyotumia picha badala ya maneno. Kule Arnhem Land, Australia, akina dada wa Kiyolngu, wenyeji wa asili wa huko, na wanajiografia wa vyuo vikuu wamekwenda mbali zaidi: mwandishi wa kwanza wa makala zao ni ardhi yenyewe, Bawaka Country. Sisi tunashindwa kumweka mtu aliye hai, tunayemjua kwa sura na sauti?

Halafu ni wewe uliyenisimulia habari za nyangumi wa Alaska. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwazuia Wainupiat, wenyeji wa asili wa huko, kuwinda, kwa kuwa makadirio ya wakati ule yalikuwa kati ya nyangumi 600 na 2,000 tu. Wawindaji wakasema mnahesabu wanaopita kwenye maji ya wazi, wengine wanapita chini ya barafu na mbali ambako macho hayafiki. Vinasa sauti vilipozamishwa baharini vikawasikia huko huko. Hesabu ikapanda, na ile ya 2011 ilikaribia 17,000, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ni kuzaana kwao miaka yote hiyo. Uliisimulia kwa uchungu, Rehema. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwandikia Profesa.

Kuna na ile ramani iliyo kwenye rasimu. Inaonyesha kila chemchemi, mahali hasa ilipo. Zile za juu walituonyesha wakituamini, na yeyote mwenye mashine ya kuchimba ataisoma ramani hiyo kama sisi. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walipotoa kanuni zao za utafiti mwaka 2017 waliweka heshima, uaminifu, haki na kujali. Ramani hii haipiti kwenye hata moja. Itoeni, au wazee waulizwe kwanza kipi kionekane na kipi kifichwe.

Ninachokuomba ni kwamba uzungumze na Profesa kabla rasimu haijaenda kwa mhariri. Anakusikiliza, sote tunajua. Jina la Bibi likae juu, kati ya waandishi, na kwenye mbinu iandikwe wazi nani alisema kifaa kihamishwe na kwa nini. Lakini aulizwe kwanza. Huenda akakataa jina lake kusambaa, au akataka liandikwe la ukoo mzima, na hiyo ni haki yake. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwuliza.

Sasa niambie, mnatuma lini? Profesa ameiona sehemu ya mbinu, au amesoma muhtasari tu? Ile karatasi ya ridhaa tuliyowasomea wazee ilisema takwimu zitakaa wapi, na wao wamepata nakala? Nani anaweza kwenda kumsomea Bibi, maana yule mkalimani nasikia amehama? Nikienda mimi utakuja? Na mgongo wako unaendeleaje, bado unabeba mabegi ya watu wote?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako,
Zawadi