Malalamiko kuhusu safari ya kuwinda Alaska mliyoniuzia kinyume cha sheria

Meneja Mkuu,
Wakala wa Safari za Uwindaji Nje ya Nchi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA SAFARI YA KUWINDA KARIBUU, ALASKA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mliniuzia safari ya kuwinda karibuu, wale kulungu wa nchi za baridi, kwenye tundra, yaani nyika baridi isiyo na miti, ya kaskazini-magharibi mwa Alaska. Kwa mpango wenu, ndege ndogo ingenichukua mji wa Kotzebue, ikanishusha na hema langu bonde la mto Noatak, ikaniacha huko peke yangu na kunifuata baadaye. Mpango huo hautekelezeki bila mimi kuvunja sheria.

Mgeni asiye raia wa Marekani wala mkazi wa nchi hiyo haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa yeyote Alaska bila kuongozana na kiongozi wa uwindaji mwenye leseni. Raia wa Marekani anayetoka jimbo jingine anaweza kumwinda karibuu bila kiongozi. Yeye hulazimika kuwa naye kwa dubu wa kahawia, kondoo wa Dall na mbuzi wa milimani. Kwa hiyo mlinipangia safari ya Mmarekani, huku nakala ya pasipoti yangu ya Tanzania mnayo. Bajeti yenu yenyewe ni ushahidi: leseni dola 160, lebo ya karibuu dola 650. Hivyo ni viwango vya Wamarekani wa majimbo mengine. Mgeni wa aina yangu hulipa 630 na 850.

Nilipohoji, afisa wenu alinijibu kwamba rubani ndiye kiongozi. Si kweli. Mwenye leseni ya kusafirisha wawindaji kazi yake ni kuwapeleka na kuwarudisha pamoja na nyama yao. Kuwaongoza kuwinda hana ruhusa.

Jambo hili limeniuma kwa sababu mimi ni mwindaji bingwa, yaani kiongozi wa wawindaji mwenye leseni. Hapa kwetu mtalii haingii kitaluni kuwinda bila mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, na sijawahi kumruhusu mteja wangu kukwepa utaratibu huo hata aliponisihi. Ningekamatwa ugenini kwa kosa la uwindaji haramu, ningerudi Arusha na uso gani mbele ya wanaonipa leseni ya kazi?

Ratiba yenu pia inasema nitue alasiri na niwinde jioni hiyo hiyo. Kanuni ya Alaska inamtaka mtu aliyesafiri kwa ndege ndogo kwenda porini asubiri hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Kuhusu bunduki mliniambia fomu ya shirika la ndege inatosha, wakati mgeni anayeingiza silaha Marekani anatakiwa kupata kwanza kibali cha ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, na kibali hicho hakitoki kwa siku moja.

Lakini lililonikasirisha kuliko yote ni la nyama. Mliniandikia kwamba nichukue pembe na kuiacha nyama, kwa kuwa nauli ya kurudi inabeba kilo 25 tu. Alaska kuiacha nyama inayofaa kuliwa ni kosa la jinai, na pembe haziruhusiwi kutangulia kutoka porini kabla ya nyama. Dume mkubwa hufikia kilo 160 hadi 180. Hata ukitoa utumbo na ngozi, mzigo huo unahitaji safari yake ya ndege, na gharama yake ilipaswa kuwa ndani ya bajeti tangu mwanzo. Na nyama hiyo ni chakula cha watu. Wainupiaki, wenyeji wa asili wa Kotzebue na vijiji vya Noatak, wanategemea kundi la karibuu la eneo hilo, ambalo mwaka 2003 lilikuwa na wanyama wapatao 490,000 na mwaka 2023 wakabaki wapatao 152,000. Kuanzia 2022, sehemu ya ardhi ya serikali kuu katika eneo hilo ilifungwa kwa wawindaji wasio wenyeji kila Agosti na Septemba, kwa misimu kadhaa. Mpango wenu hautaji popote ardhi ipi iko wazi na ipi imefungwa. Mtu anayewaheshimu wanyama na wenyeji wao hampeleki mgeni huko kukata pembe na kuwaachia mbweha mzoga.

Mmekataa kunirudishia amana mkitumia kifungu kinachosema hairudishwi mteja akighairi. Sikughairi mimi. Huduma mliyoniuzia haikuwepo kisheria tangu siku mliyopokea fedha.

Naomba amana yote irudishwe ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, na mniandikie kwamba mmeacha kuwauzia Watanzania wengine safari hiyo isiyo na kiongozi. Msipofanya hivyo nitapeleka nakala za mkataba, bajeti na ujumbe wenu wote Tume ya Ushindani.

Wenu,

Mwindaji bingwa,
Arusha.