Tangazo liseme ni saa ya mji gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu matangazo ya mikutano ya mtandaoni mnayotuchapia.

Mwezi uliopita mlichapa tangazo la semina ya wakalimani. Tarehe ilikuwepo, mada ilikuwepo, na chini kabisa paliandikwa "saa 3:00 usiku". Siku ile nilimaliza shughuli zangu mapema, na ilipofika saa tatu kasoro dakika tano usiku nikawasha kompyuta. Nikakuta maandishi kwamba kikao kimefungwa. Kumbe waandaaji, walioko nchi za mbali, walikuwa wametubadilishia saa kwa nia njema, wakapata 03:00, wakaandika 3:00 na kuongeza neno "usiku". Yaani ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe ile. Nilichelewa kwa saa kumi na nane.

Lugha yetu huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na hesabu ile nyingine huanza usiku wa manane. Kati ya hizo mbili kuna saa sita kamili, na tarakimu tupu haisemi imetoka upande upi. Kwa hiyo humu ndani nikiandika saa kwa maneno, ni ya Kiswahili. Nikiandika kwa tarakimu, kama 14:00, ni ile ya saa ishirini na nne.

Semina si kitu, itarudiwa. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine.

Kazi yangu ya ukalimani huifanya kwa video. Daktari yuko huku, mgonjwa yuko pale pale naye, mimi niko bara jingine na vipokea sauti masikioni. Majira ya baridi yale nilikuwa na mzee mmoja aliyelazwa katika hospitali moja upande wa mashariki wa Marekani. Kiapo cha kazi hakiniruhusu kusema zaidi ya hapo kumhusu. Ofisi inayotupangia kazi ilinitumia ratiba: kila Jumanne, 10:00 EST. Nikapiga hesabu. EST iko saa tano nyuma ya UTC, saa ya kimataifa ambayo nchi zote hujipima nayo. Basi 10:00 yao ni 15:00 UTC, na kwangu, saa tatu mbele ya UTC, ni 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Jumanne baada ya Jumanne niliingia kwa wakati huo, na daktari nikimkuta anavuta kiti.

Ikafika Machi. Jumapili ya pili ya mwezi huo, saa nane usiku, sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja. Jumanne iliyofuata nilikaa mezani saa kumi na mbili kasorobo. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe nne zilizofuatana. Wa kwanza uliuliza kama niko tayari. Wa pili, kama nasikia. Wa tatu, kama niko salama. Wa nne ulisema daktari ameshaondoka.

Siku hiyo ndiyo mzee alielezwa upasuaji wake. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tano, ndiye aliyetafsiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mtoto aliyekulia huko hana neno la nusukaputi. Alimwambia babu yake kwamba watamfanya asijue kitu. Wiki iliyofuata nilipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, juzi nilimuuliza mtoto kama nitaamka. Akasema utaamka. Ni daktari aliyesema, au ni yeye?"

Nilimuuliza daktari swali hilo hapo hapo, naye akalijibu vizuri. Lakini siku saba zilikuwa zimepita, na mzee alizilala na swali lake.

Nilipoilalamikia ofisi, niliambiwa nilitakiwa kujua kwamba saa zimebadilika. Nilirudi kwenye ratiba nikaisoma tena. Imeandika EST. Herufi zile maana yake ni saa ya kawaida ya mashariki mwa Marekani, tano nyuma ya UTC, iwe Januari iwe Julai. Saa ikishasogezwa mbele huitwa EDT, nne nyuma ya UTC. Kwa herufi walizoniandikia, mimi niliwahi. Walichokitaka kilikuwa 10:00 ya ukutani kwao, saa yoyote itakayokuwepo ukutani siku hiyo. Laiti wangeandika "10:00 saa za New York", kalenda ya simu yangu ingenihesabia yenyewe.

Mhariri, hapo ndipo ninapotaka tukubaliane. Anayeita mkutano ndiye mwenye kazi ya kusema saa ikaeleweka. Yeye ni mmoja, waalikwa ni wengi. Akiacha kila mmoja apige hesabu yake, hata wanane wakipatia, wa tisa atakosea. Na asitumie herufi. CST kwa Mmarekani ni saa za katikati ya nchi yake, Chicago na kwingineko, na kwa mwingine ni saa za China, na baina yao kuna saa kumi na nne. IST hudaiwa na India, na Israeli, na Ireland. Jina la mji halina ugomvi huo.

Tena mji una faida nyingine: hubeba sheria zake. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, Marekani ile ya pili. Wiki hizo mbili au tatu za katikati, tofauti ya London na New York huwa saa nne badala ya tano. Oktoba Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho, Marekani hungoja Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa wiki moja tofauti inakuwa nne tena. Kusini mwa dunia mambo ni kinyume, maana kiangazi chao ni baridi ya kaskazini. Sydney husogeza saa mbele Oktoba na kuirudisha Aprili. Brisbane, nchi hiyo hiyo ya Australia, haigusi saa kabisa. Na msidhani tofauti zote ni saa kamili: India iko saa tano na nusu mbele ya UTC, Nepal saa tano na dakika arobaini na tano.

Hakuna kichwa kinachoweza kubeba yote hayo, wala hakihitajiki. Kompyuta na simu zina orodha yake iliyopangwa kwa majina ya miji, nayo husahihishwa kila serikali inapotangaza mabadiliko. Orodha hiyo nayo hushindwa pale serikali inapogeuka ghafla. Machi 2023, Lebanon iliahirisha kusogeza saa siku chache tu kabla ya siku yenyewe. Taasisi nyingine zikafuata serikali, nyingine zikasogeza hivyo hivyo, na kwa siku kadhaa nchi moja ilikuwa na saa mbili mpaka uamuzi ukafutwa. Mtu aliyekuwa na miadi Beirut wiki ile hakuwa na njia ila kupiga simu akauliza.

Kwa mkutano wa mara moja, napenda tarehe, saa ya mji, na UTC pembeni. Kwa mfano: Jumanne 12 Machi 2024, 10:00 saa za New York, 14:00 UTC. Aliye popote ataanzia kwenye UTC. Kwa mkutano wa kila wiki, UTC peke yake haifai, kwa sababu watu wa mji ule wataamka siku moja wakute kikao kimehama saa nzima. Hapo mji mmoja uchaguliwe, na wote waambiwe ni huo.

Ila kuuchagua huo mji ni jambo la haki pia. Kikundi chetu cha mazoezi ya ukalimani kimeshikamana na 08:00 ya Los Angeles, kwa kuwa kiongozi anaishi huko. Mwenzetu mmoja yuko Sydney. Julai anaingia saa saba usiku. Januari, Marekani imerudisha saa nyuma na Australia imesogeza mbele, anaingia saa tisa usiku. Saa ya kiongozi haijasogea hata dakika, ya mwenzetu imesogea mbili, na zote mbili zimekatwa kwenye usingizi wake. Wa London yeye ni saa kumi jioni karibu mwaka mzima, ukiacha zile wiki chache za katikati nilizozitaja. Nilipendekeza tupokezane usiku, miezi minne kila upande. Mpaka leo naandika, pendekezo halijajibiwa, na dada yule bado huingia akiwa amezima kamera.

Niongeze neno kuhusu tarehe za mwisho wa kutuma maombi. "Mwisho saa sita usiku tarehe 15" ni mtego. Ni usiku unaoanza tarehe 15, au ule unaoimaliza? Wenye busara huandika 23:59. Sisi tuna msemo ulio bora kuliko huo, "usiku wa kuamkia", ambao hauachi shaka ni usiku upi, na nashangaa kuona matangazo yakiukwepa. Bado itabaki kutajwa ni usiku wa wapi, kwani Jumatatu jioni ya California ni Jumanne tayari kule Auckland.

Najua nafasi ya tangazo hulipiwa kwa neno, na dawati lako la matangazo halina muda wa kumpigia kila mteja. Hata hivyo, fomu anayojaza mteja inaweza kuwa na mstari mmoja zaidi: saa hii ni ya mji gani? Na pale mteja anapoleta "3:00 usiku", msahihishaji wenu amuulize kama ni saa tatu au ni saa tisa kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Waandaaji wa ile semina wameniandikia kwamba wataifanya tena na watawaletea tangazo. Nimewaomba waandike saa kwa tarakimu za ishirini na nne, na kwa maneno ya Kiswahili chini yake. Nakuomba na wewe, wakileta moja bila ya pili, uwarudishie.

Wako,
Mkalimani na msomaji wa kila siku